Takataka zipi?

Ndugu Mhariri,

Mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa kuhusu makonda wanaowashusha wanafunzi njiani, na barua ile hukuichapa. Nikanyamaza. Miaka yote hiyo nimelinunua gazeti lako bila kinyongo, nimefungia mayai, nimetandika chini ya vifaranga, na kabla ya yote hayo nimelisoma. Lakini ile habari yenu ya Jumapili iliyopita, yenye picha ya kijana anayeichekea simu, imenifanya nitafute kalamu. Mliandika kwamba mijadala ya wafugaji, wakulima na wafanyabiashara sasa imepata mchangiaji asiyechoka, yaani akili mnemba (wenzetu Kenya wanaiita akili unde, wajukuu zangu hawaiiti chochote, wanasema tu "nimeiuliza"). Mkasema ni ukombozi kwa mtu wa kawaida. Mtu wa kawaida ndiye mimi, na huyo mchangiaji asiyechoka namfahamu.

Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Kihonda hapa Morogoro, nafuga kuku chotara. Mwezi wa nne mwaka huu, masika yamekolea, nilikuwa na vifaranga 150 wa wiki ya nne. Asubuhi moja nikakuta kama kumi na wawili wamejikunyata pembeni ya bruda, kile kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga, mabawa yamelegea, manyoya yamesimama, na kinyesi chekundu kama juisi ya rozela. Nikapiga picha, nikaiweka kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha wafugaji, tuko zaidi ya watu 200 humo, nikaandika: "Jamani msaada, wameanza leo." Hazikupita dakika mbili. Dakika mbili, Mhariri, mimi kwa muda huo sijapata hata miwani! Likateremka jibu refu kama mkeka, kijana mmoja kalitoa kwenye mashine akaliweka. Linaanza na "Pole sana kwa changamoto unayopitia." Lina vichwa vya habari kwa herufi nzito. Lina magonjwa manane, yamepangwa kama majina ya daftari la mahudhurio. La kwanza mdondo, la pili gumboro, na kuendelea. Kuhara damu, ambao ndio ugonjwa wenyewe, lilikuwa la sita. Nani anafika la sita huku kifaranga anakata roho kiganjani? Nilisimama kwenye la kwanza. Nikakimbilia duka la dawa za mifugo, nikanunua chanjo ya mdondo, na jioni nzima mke wangu anashika kifaranga, mimi nadondosha tone moja jichoni, mmoja baada ya mwingine, mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Chanjo yenyewe siilaumu. Hiyo ya tone la jichoni inavumilia joto kuliko zile za zamani, na kuku wengi wa vijijini wako hai kwa ajili yake. Ila chanjo haimtibu aliyekwisha kuugua, na vifaranga wangu hawakuwa na mdondo.

Sasa sikia hili. Lile jibu, mwishoni kabisa, lilikuwa na ushauri wa kweli. Liliandika: "Hakikisha takataka za kuku ni kavu wakati wote, na uondoe takataka zenye unyevu." Mimi mtu mtiifu nikatoka na fagio. Nikafagia uwanja mzima, maganda ya ndizi, mifuko, majani ya mwembe, nikakusanya, nikachoma, uwanja ukawa unafaa kwa harusi. Na muda wote huo ndani ya banda, chini ya vyombo vya maji, maranda ya mbao niliyowatandikia yalikuwa yamelowa na kugandamana kama ugali uliolala. Humo ndimo vijidudu vya kuhara damu vinapopevuka, kwenye unyevu na joto. Kifaranga anadonoa, anameza, anaharisha, mwenzake anadonoa. Kiingereza kina neno moja kwa matandiko ya banda na kwa uchafu wa jalalani. Mashine imesoma Kiingereza bahari nzima na Kiswahili ndoo moja, ikaokota neno la jalalani. Mtu yeyote aliyewahi kuinamia banda la kuku angesema maranda, au pumba kama anatandika pumba za mpunga. Nikauliza kikundini: "Takataka zipi?" Yule kijana aliyeliweka jibu akanijibu baada ya saa tatu: "Sijui mwl, mimi nimekopi tu," na vile viganja viwili vya kuomba.

Nimekopi tu! Darasani kwangu mtoto aliyekopi alikuwa amekopi kwa mwenzake aliyekesha, kwa hiyo ukifuata mkia wa jibu unamkuta mtu, utamwuliza umepataje hapa, naye atakueleza hata kama amekosea. Huyu nimfuate wapi? Na msidhani hasara yangu ilikuwa lile kosa. Hasara ilikuwa kimya kilichofuata. Kwenye kikundi chetu yupo mama mmoja wa Mkundi, mtu mzima, amefuga kuku tangu kabla sijaanza kazi ya ualimu. Haandiki, hutuma sauti, na mara nyingi ndani ya sauti yake unasikia jogoo na mtu anayemwita atoke nje. Siku ya nne, nimeshazika vifaranga mpaka nimeacha kuhesabu kwa vidole, nikampigia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, mimi siku ile nilishaanza kurekodi. Nikaona msomi keshajibu, kirefu vile, nikafuta. Nani ataacha yale maandishi asikilize sauti ya bibi?" Halafu hakunipa ugonjwa wowote. Aliniuliza. Maji unaweka kwenye nini? Maranda ulibadilisha lini? Ukiyafinya mkononi yanashikana au yanamwagika? Nikaenda bandani na simu sikioni nikafinya, yakashikana, vidole vikanuka. Akasema toa yote leo, usingoje kesho, kanunue dawa ya amprolium uchanganye kwenye maji siku tano, na vile vyombo vya maji uviinue juu ya nusu tofali ili wasimwage. Nusu tofali, Mhariri. Vifaranga wangu 63 wamekufa kwa kukosa nusu tofali, na mwenye kujua habari ya tofali alikuwa humo humo kikundini, kidole chake kiko kwenye kitufe cha kurekodi, akaona haya mbele ya kitu ambacho hakijawahi kunusa banda. Ile mashine iliyosifiwa kwa kurasa mbili haikuniuliza swali hata moja.

Mwanangu yuko Dar es Salaam, kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, na nilitarajia ataitetea. Akaniambia hata wao waliikataa mlangoni kwao. Stack Overflow, mahali ambapo waandika programu wa dunia nzima huulizana na kujibizana, ilipiga marufuku majibu ya ChatGPT, mojawapo ya hizo mashine za kujibu, Desemba 2022, siku chache tu tangu ChatGPT ifunguliwe kwa watu wote tarehe 30 Novemba. Sababu waliyotoa ningeweza kuiandika mimi: majibu yanapendeza kwa macho, mengi yana makosa, na yanamiminika haraka kuliko watu wanavyoweza kuyakagua. Yaani wenye jiko wameweka kijiko chini, sisi Kihonda tunapakuliwa sahani ya pili.

Tena hao wa kikundini kwetu angalau wanakiri wamekopi. Ulaya mambo yamefika pabaya zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich, kule Uswisi, kati ya Novemba 2024 na Machi 2025 waliingiza mashine kimyakimya kwenye baraza moja la mtandao wa Reddit, ambako watu huweka msimamo wao hadharani na kuwakaribisha wengine waupinge. Michango zaidi ya 1,000 ikapita. Kuna mahali mashine ilijifanya mtu aliyewahi kubakwa, mahali pengine ikajifanya mshauri wa watu waliopatwa na mabaya. Wenyeji waliambiwa kazi ikiwa imekwisha. Mimi niliuliza takataka zipi, nikapata walau "sijui". Wao wangeuliza nini, na wamwulize nani?

Na lugha inaharibika. Msinione nazeeka na chaki mkononi. Wikipedia ya Kigreenland, lugha ya watu wachache kuliko wakazi wa mji wetu huu, mwaka 2025 iliamuliwa ifungwe, sababu mojawapo ikiwa maandishi ya mashine yaliyojaa humo yasiyo na maana kwa mwenye lugha. Sisi tuko wengi, hatufungwi kesho. Lakini nimeanza kuona watu wazima, wazaliwa wa Turiani na Mikumi, wakiandika "ni muhimu kutambua kwamba" kabla ya kusema mvua imenyesha. Juzi mmoja ameandika "takataka za kuku". Nikamuuliza kama anafagia uwanja.

Kwa kuwa nimeshaanza, nimalize na hili la rambirambi. Shemeji yangu alifariki mwezi wa sita. Katika kikundi cha ukoo, wapwa wawili, mmoja Mwanza mwingine Arusha, ambao hawasemezani tangu ugomvi wa shamba, wakatuma aya moja ileile: marehemu alikuwa "nguzo imara na nuru iliyoangaza maisha ya wengi". Shemeji alikuwa mkali. Hakuitikia salamu ya mtu kabla ya saa tatu asubuhi, na amekwenda na mifuko yangu miwili ya saruji. Ndiye huyo tuliyemlilia, hiyo nuru hatuijui. Zamani mtu asiyejua la kusema alisema "poleni", akakaa, akabeba viti, akaingia kaburini na sepetu. Nasikia hata Marekani walijaribu. Februari 2023 ofisi moja ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt iliwaandikia wanafunzi maneno ya kuwafariji baada ya watu kupigwa risasi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, na chini ya barua ikaandika kwamba maneno yametokana na ChatGPT. Wanafunzi wakaja juu, wakubwa wakaomba radhi. Wale angalau waliandika chini. Wapwa zangu hata hilo hawakulifanya.

Msije mkasema mzee huyu anaogopa simu. Mjukuu wangu aliitumia hiyo hiyo mashine kunipigia hesabu ya kuchanganya chakula cha kuku, nikaikagua kwa karatasi na penseli, ikatoka sawa, nikachanganya. Jirani yangu haoni, na simu yake inamsomea gazeti lako kila asubuhi, pamoja na matangazo ya vifo. Nyumbani kwako iulize upendavyo, hata usiku. Ila ukija barazani njoo na ulichokiona, au kaa usikilize kama wengine.

Najua mnapenda barua ziwe na mapendekezo. Haya. Kikundini nimependekeza sheria ambayo imejadiliwa siku mbili na haijapita. Anayetaka kuweka jibu la mashine aruhusiwe, lakini kwanza alisome lote kwa sauti yake mwenyewe, arekodi, atume sauti. Akikwama kwenye neno asiloweza kulieleza, afute. Mwishoni ataje ana kuku wangapi na mwaka huu wamekufa wangapi. Akimpotosha mtu, faini ni trei moja ya mayai kwa aliyepotoshwa, na yawe mayai, si picha ya mayai. Mimi nimemdai yule kijana trei mbili. Amenitumia ujumbe mrefu wa kuomba radhi. Una vichwa vya habari.

Na nyinyi gazetini, kabla ya kuchapa barua ya msomaji, mpigieni simu mumuulize swali moja la kijinga kuhusu alichoandika. Mnaweza kuanza na mimi, namba nimeiandika nyuma ya bahasha. Pigeni baada ya saa moja usiku. Kabla ya hapo niko bandani nageuza maranda, na mikono haishiki simu.

Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro