Taya linalocheza haliponi kwa vidonge

Ndugu Mhariri,

Safu yenu ya afya iliwashauri waliovunjika taya na kuanza kutoa usaha wameze antibayotiki kwanza, uvimbe ukipungua ndipo wafikirie upasuaji. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji wa kinywa na taya, na ushauri wa namna hiyo ndio unaotujazia vitanda.

Taya la chini likivunjika penye meno, ufa huwa umefunguka kinywani kupitia fizi, hata kama ngozi ya nje haina mchubuko. Mate huingia na bakteria wake. Kinachoukuza usaha zaidi ni kucheza kwa mfupa: mgonjwa akimeza mate au akisema neno, vipande vinasagana. Kidonge hakizuii hilo. Ndiyo maana wengi hutuambia walipata nafuu, dozi ilipoisha shavu likajaa tena.

Daktari bingwa hupasua akatoa usaha na kupeleka sampuli maabara. Jino bovu lililokaa kwenye ufa, mara nyingi gego la mwisho, hung'olewa. Mfupa uliokufa nao huondolewa. Unaujua kwa ukavu na rangi yake, na ukiukwangua hautoi damu. Kisha meno hupangwa yakutane, na bamba nene la titani hufungwa kwa skrubu zisizopungua tatu kila upande, kwenye mfupa mzima ulio mbali na usaha.

Hapo ndugu wa mgonjwa hushtuka: "Sista, chuma kwenye usaha?" Zamani hata madaktari walikwepa, wakafunga meno ya juu na ya chini kwa waya wiki kadhaa. Waya bado una kazi yake (nami huweka koleo la kuukatia karibu na kitanda, mgonjwa asije akatapika akapaliwa). Lakini bamba lililoshika barabara hutuliza mfupa, na mfupa uliotulia huunga hata palipokuwa na usaha. Skrubu ikilegea, usaha hurudi.

Antibayotiki tunazitoa pia, tena kwa sindano. Naomba msahihishe tu: aliyepigwa au kuanguka, kisha meno yakakataa kukutana, mdomo wa chini ukafa ganzi au usaha ukatoka, aende hospitali siku hiyo hiyo akapigwe eksirei. Mwenye kisukari na mvuta sigara waseme mapema, maana vidonda vyao huchelewa kupona.

Muuguzi, wodi ya upasuaji wa kinywa na taya