Kwa Mwanaidi, kuhusu safu ya gazeti

London, Jumapili usiku

Rafiki yangu mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na swali lako limenikaa: mtu aliyekula ugali wa chama miaka minane, akiwaandikia wakubwa hotuba, nani atamwamini akipewa safu gazetini?

Sikiliza habari za Matthew Parris, mwandishi wa safu wa huku Uingereza. Alizaliwa Johannesburg mwaka 1949, akaja kuwa karani katika ofisi ya Margaret Thatcher, kiongozi wa chama cha Conservative, kazi yake kujibu barua za wananchi. Mama mmoja akalalamikia nyumba aliyopangishwa na halmashauri. Parris akamjibu kwa ukali kwamba ashukuru hata kuipata. Jibu likavuja katikati ya kampeni za 1979, wapinzani wakalishikia bango. Fikiria, mwenzangu, chama kizima kinahemeshwa na karatasi yenye saini yako! Hata hivyo Thatcher alishinda, na Parris naye akapata ubunge wa West Derbyshire uchaguzi huohuo.

Lakini kilichoniingia zaidi ni cha 1984. Televisheni ilimpeleka Newcastle akaishi wiki moja kwa posho ya asiye na ajira, pauni 26 na senti 80. Posho ile chama chake kilikuwa kikiitetea. Wiki haijaisha, hela ya kulisha mita ya umeme ikamwishia, kamera ikimtazama. Miaka 20 baadaye alirudi Newcastle akalifanya jaribio lilelile tena. Mtu anayetaka kusahau harudi.

Ubunge aliuacha 1986 akaenda kuongoza kipindi cha siasa kwenye televisheni. Kiti chake chama kilikinusuru kwa tofauti ya kura 100 tu. Kuanzia 1988 mpaka 2001 akawa anaandikia gazeti la The Times vituko vya Bunge vya kila siku, kisha safu.

Mwezi uliopita nilikwenda Bungeni. Sisi wageni tunakaa nyuma ya kioo. Waandishi wako upande wa pili, juu ya kiti cha Spika. Mbunge mmoja alikuwa akisoma hotuba kwa sauti kubwa, huku kidole gumba kikiukunja na kuukunjua ukingo wa karatasi hadi ukachanika. Mimi niliona kidole. Mtu aliyewahi kusimama pale angejua kilichokuwa kikikisumbua. Hiyo ndiyo mali uliyo nayo, Mwanaidi, nawe unaiona kama doa.

Parris hakuuficha uanachama wake, wala barua ile. Ameisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake cha 2002. Na 2019, Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, ilipomtenga na chama alichokitumikia ujana wake wote, aliandika waziwazi kwamba kura yake inakwenda kwa chama kingine, Liberal Democrats. Wasomaji walikuwa wanajua anatoka wapi, kwa hiyo waliweza kuupima uzito wa hatua ile.

Basi usianze na uchambuzi wa bajeti. Anza na usiku ule ulionisimulia jikoni kwa mama, ulipoandika ahadi ya kisima ilhali ulishaambiwa fedha hazipo, kesho yake ukasikia wanawake wakiipigia vigelegele. Andika ulivyosimama nyuma ya vipaza sauti na ulichokifanya. Nitumie kabla hujampelekea mhariri, hata kama ni usiku wa manane.

Wako akupendaye,
Zuhura