Kilichobeba mlenda wangu hakikuwa kimbunga

Mhariri,

Mwezi uliopita binti yangu alinipigia simu usiku kutoka Kilwa, sauti inamtetemeka. "Mama, nyumba ipo?" Alikuwa amesoma katika gazeti lenu kwamba kimbunga kimepiga Chamwino. Naye kimbunga anakijua; Hidaya ya Mei 2024 iliwakuta hukohuko, mvua ikanyesha mpaka barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika.

Nyumba ipo. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Septemba linachoma, nimetandaza mlenda kwenye turubai upate joto kidogo kabla sijaufungasha. Vumbi likainuka kwenye njia ya mbuzi, likajisokota, likasimama wima kama mnara mwekundu, likakatiza uwani kwangu. Turubai likavuka ua. Mlenda ukaenda kwa majirani, ungo ukanaswa juu ya mbuyu. Sijamaliza hata kupiga yowe, upepo umeshakufa.

Huo sisi tunauita kisulisuli. Wengine husema chamchela, na bibi yangu alitukataza kuukimbilia, eti ndani yake mna shetani. Unaanzia chini: ardhi ikishaungua, hewa iliyoilalia inapata moto, inapanda kwa kasi huku ikijizungusha, na juu hakuna hata wingu. Kimbunga kinazaliwa baharini, kwenye maji yenye joto, kinatanda mamia ya kilomita, kinasafiri siku kadhaa, na watu wa hali ya hewa wanakipa jina. Changu kingepewa jina saa ngapi?

Labda mwandishi wenu aliona kisulisuli ni neno la kijijini. Basi amuulize yeyote anayesoma Biblia Eliya alipaa kwa upepo gani. Tena neno hilohilo ni kizunguzungu cha kichwa, ndiyo maana linaufaa ule upepo, unavyopepesuka kama mtu aliyetoka kunywa wanzuki. Mwenye kimbunga cha siasa au cha mapenzi aendelee kukiandika, sina ugomvi naye; hicho hakimwamshi mtoto wa mtu usiku wa manane.

Ninachoomba ni masahihisho, hata kwa mistari miwili. Na mpigapicha wenu akirudi huku aje na ngazi, maana ungo wangu bado uko juu ya mbuyu.

Muuza mlenda,
Chamwino, Dodoma