Hiyo "kama" itoe

Shosti, mambo? Natumai wanao wazima, sisi huku Dar tupo, joto tu na foleni. Juzi uliniuliza mbona nimepotea kwenye grupu la kwaya nikakujibu niko bize, sio kweli yote, ngoja nikuandikie maana nikirekodi nitalia bure.

Unaikumbuka sare mpya, ile ya zambarau ambayo mimi ndo niliing'ang'ania mpaka kamati ikakubali, sare ya tatu kwa mwaka mmoja. Sasa Jumapili ya Mavuno alfajiri binti wa kazi ananinyooshea, umeme si ukakatika, akaiacha pasi palepale begani akaenda kuangalia uji, umeme ukarudi. Ikanata. Alama ya pasi kabisa bega la kushoto, ncha na kila kitu. Shosti nilifoka! Nikamwita mjinga, nikamwambia kwenu hata pasi hamna, wanangu wamekaa hapo na vikombe vyao wananitazama, nikamalizia na elfu ishirini nakata kwenye mshahara. Alafu nikajitupia mtandio begani kuficha doa huyo kanisani.

Na siku hiyo niliimba jamani. Ubeti wa pili wangu peke yangu, machozi yakanitoka, mtu akanirekodi, mchana nikaiweka status na mstari wa zaburi chini yake. Jioni nikamlipa binti mshahara pungufu kama nilivyosema.

Kinachonisumbua mpaka leo ni hayo machozi. Yangekuwa ya kuigiza ningejua pa kuyaweka, lakini yalitoka kweli, na saa hiyohiyo mwenzangu yuko jikoni kwangu anasugua sufuria.

J3 nasikia kitindamimba wangu anamwambia yule binti "we mjinga, lete maji." Miaka minne!

Ndo nikamkumbuka bibi mzaa mama, wa Bukoba. Alikuwa mlokole wa zamani, wale wa uamsho wa Rwanda na Uganda, Simeoni Nsibambi wa Uganda na yule daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini kule Rwanda, Joe Church, walipokutana Namirembe, Kampala, 1929 wakakaa kusoma Biblia na kuomba, moto ukaja mpaka kwa Walutheri wa Kagera, hata Askofu Kibira alitoka humohumo. Kwa wazee hao ukitubu unarudisha. Mtu alikuwa anabeba jembe aliloiba anatembea nalo mchana kweupe mpaka kwa mwenyewe. Bibi alipeleka kikapu cha kahawa kwa jirani, kahawa aliyoichuma usiku ng'ambo ya mpaka wa shamba miaka mingi nyuma, jirani mwenyewe hata hakuwahi kujua. Na alikuwa na jambo moja lililonikera sana utotoni, ukimwambia "bibi nisamehe kama nimekukosea" ananyamaza kwanza, alafu anasema hiyo kama itoe. Umekosa au hujakosa? Taja.

(Ila tusiwafanye malaika. Miaka ya 1970 kule Uganda walokole haohao waligawanyika, wengine wakawa wakali mno kwenye mambo ya mikopo na mavazi, na bibi mwenyewe alimkatalia mama kusuka nywele mpaka anaolewa. Gauni lililopauka na kichwa kilichonyolewa nayo ni sare shosti, tena haina hata mchango.)

Basi J3 hiyohiyo nikamnunulia binti soda, nikajiona nimemaliza. Kesho yake nikaingia jikoni, nikaanza "dada nisamehe kama..." nikajisikia mwenyewe. Nikaanza upya. Nilikuita mjinga, nikatukana kwenu, mbele ya watoto. Yeye anapeta mchele, hakuinua hata kichwa. Sijui nilitegemea nini, tukumbatiane labda. Akasema "sawa mama." Akapeta mara mbili tatu, akapuliza makapi, alafu akauliza taratibu, "na ile elfu ishirini?"

Yaani sikuwa nimeifikiria hata kidogo! Nimesimama pale na toba yangu yote, na hela ya mtoto wa watu nilishaitoa mchango wa mikoba ya kwaya, tena nimetajwa kwenye grupu nimepigiwa na makofi.

Jana nimemtumia kwenye simu, nikaweka na ya kutolea. Nikawakalisha watoto nikawaambia mama alikosea, mkubwa akauliza "kwa hiyo sio mjinga?" mbele ya binti mwenyewe, nikatamani ardhi ipasuke.

Kwenye grupu nitarudi, naona sasa wanajadili viatu. Jumapili naivaa ileile na doa lake, mtandio nimeufua bado haujakauka na hii mvua. Wewe na wifi yako mmeishia wapi? Nisalimie shemeji.

Mwenzio