Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa Mahakama: Mama Majalada akaimu mpaka lini?

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Salamu kutoka Kirumba, Mwanza. Mimi ni karani mstaafu wa masjala. Kituo nilichostaafia sikitaji, maana wapo ambao ugali wao bado unatoka pale.

Asubuhi moja aliingia mjane aliyeshuka kwenye meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe. Shauri lake lilikuwa la mirathi, la miaka mingi, na kwenye kompyuta halikuwemo. Namba ya shauri hana. Ana jina la marehemu na kipande cha stakabadhi kilicholowa. Mwenzangu, tuliyemwita Mama Majalada, akamuuliza swali moja tu: "Mlifungua kabla ya kuvuna mpunga au baada?" Akaenda rafu ya tatu, akapuliza vumbi, akarudi na jalada. Mjane akaiwahi meli ya kurudi.

Mama huyu anakaimu ukuu wa masjala mwaka wa nne sasa. Funguo anazo, lawama anazo, cheo hana. Watumishi wa umma wote tunajua kukaimu ni miezi sita. Vijana wawili wameshapita mikononi mwake wakaenda kuthibitishwa kwingine kwa vyeo vya juu yake. Mmoja nilimfundisha mimi kushona jalada; uzi alikuwa anauanzia mbele.

Jibu la kila mwaka ni kwamba hana stashahada. Kweli hana, wala siombi apewe cheo kwa huruma. Ila Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko Lushoto, huko Tanga, na nafasi ya masomo ilimfikia akiwa ananyonyesha. Siku 84 za likizo ya uzazi zimekwisha, mtoto hajaanza hata uji, yeye apande basi la Lushoto? Akaambiwa asubiri awamu nyingine. Ilipofika, jina lake halikuwemo tena.

Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya 2011 ndiyo iliyotenganisha utawala na kazi ya kuamua mashauri, ikaleta ofisi yako. Majaji wanawake tunawaona, chama chao na mahakimu wanawake kipo tangu 2000, na tunajivunia. Lakini karani hapandi kwa ngazi ya majaji. Yake ni hii ya utawala, na umeishika wewe.

Naomba sehemu ya masomo ya Lushoto ifundishwe Mwanza, kwa awamu, kwenye Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, lile jengo lenye mahakama za ngazi mbalimbali pamoja. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, karani wa Sengerema anaweza kuja na kurudi jioni akalala na wanawe. Wa Ukerewe bado anategemea meli, kwa hiyo apewe posho ya kulala. Na nafasi aliyoikosa mtu kwa sababu ya uzazi ibaki kwa jina lake, asirudishwe mkiani. Kuhusu kukaimu, miezi sita ikiisha mtu athibitishwe, au aambiwe kwa barua kwa nini hapana.

Mama Majalada hakunituma. Juzi nilikwenda pale kumfuatilia jirani nakala ya hukumu, nikamkuta na funguo zake kwenye pindo la khanga. Amebakiza miaka kumi na moja astaafu. Toa miwili ya masomo, inabaki tisa.

Wako,
Karani mstaafu, Kirumba