Sh8 kwa kilomita hazitaondoa foleni ya Jumapili

Mhariri,

Jumapili iliyopita nilitoka Molo saa tisa alasiri na pikapu ya kabichi, nikafika nyumbani Free Area, Nakuru, saa nne usiku. Siku ya kawaida ni mwendo wa saa moja na ushei. Kati ya Salgaa na Ngata tulizima injini kabisa. Watoto waliokuwa kwenye matatu mbele yangu walishuka, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakala wakamaliza, gari halijasogea. Walikuwa wakirudi Nairobi kutoka Kakamega. Wenye haraka wakaanzisha leni ya tatu, kisha ya nne, wakakutana uso kwa uso na malori ya kwenda Malaba. Hapo barabara ikajifunga.

Kwa hivyo simo kati ya wanaolaani mpango wa kupanua barabara hii, kutoka Rironi karibu na Nairobi hadi Mau Summit, na kuilipia. Tatizo langu ni ada yenyewe. Serikali ilitangaza Sh8 kwa kilomita, yaani Sh1,400 kwa kilomita zote 175, na katika hesabu hiyo saa na siku hazitajwi. Ada ya aina hiyo itamrudishia mwekezaji pesa zake. Foleni ya Jumapili jioni itabaki palepale, maana anayesafiri Jumanne asubuhi barabara ikiwa nyeupe analipa sawa na anayeijaza.

Kule California, barabara kuu nambari 91 ina leni za kulipia katikati tangu 1995, na za bure ziko kando yake. Bei hupanda na kushuka kwa saa, na Ijumaa alasiri ndipo inapouma. Stockholm, Uswidi, walijaribu mwaka 2006 kutoza magari yanayoingia na kutoka mjini kulingana na saa, usiku bure. Magari yakapungua kwa karibu moja kwa tano, wakazi wakapiga kura kuikubali, na mwaka 2007 ada ikarudishwa moja kwa moja.

Najua nitaambiwa Stockholm wana treni. Kweli, sisi treni yetu ni matatu. Basi matatu yenye abiria 14 isitozwe kama Prado iliyobeba mtu mmoja na koti lake. Malori nayo yapewe nafuu yakipita usiku, ingawa sisi wa huku, tunaojua ajali za Salgaa, tukisikia malori, usiku na Salgaa katika sentensi moja, roho hutupaa. Hilo litahitaji taa na polisi kwanza.

Halafu kuna sisi wenyeji. Kutoka Free Area kwenda sokoni mjini napita barabara hiyohiyo, kilomita chache tu, kila siku ya Mungu. Nikitozwa hapo nitaingia vichochoroni pamoja na wenzangu wote, na foleni itahamia mitaani. Na tusisahau kwamba kila lita ya mafuta tayari ina Sh25 za kutunza barabara. Pikapu yangu ilipokuwa imesimama pale Ngata ilikuwa imeshalipa.

Naomba wahusika wachapishe jedwali la ada saa kwa saa, siku kwa siku, na kwa kila aina ya gari, kabla vibanda vya kulipia havijasimikwa. Walilete Nakuru tulijadili, na mkutano usiitishwe Jumapili jioni.

Mchuuzi wa mboga,
Free Area, Nakuru