Sentensi changamano zisiishie kwenye mchoro wa matawi

Mhariri,

Wiki iliyopita nilisahihisha insha za Kidato cha Pili, madaftari 52. Moja ilinikwamisha. Tahajia haikuwa na dosari, aya zimepangika, methali mbili zimekaa mahali pake, na bado nilipofika katikati nilikuwa nasinzia. Nikarudi mwanzo nikahesabu: sentensi 19, na 14 kati yake zilianza kwa "nili-". Niliamka. Nilinawa uso. Nilikunywa chai. Nilimuaga mama. Nilienda stendi.

Kiswahili hulificha tatizo hili vizuri mno. Kiambishi cha nafsi kimeng'ang'ania kitenzi, kwa hiyo jicho huona maneno tofauti: niliamka, nilinawa, nilikunywa. Sikio ndilo linalosikia nyundo. Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kukusanya madaftari, nataka kila mmoja amsomee jirani yake insha kwa sauti. Mara nyingi huanza kucheka wenyewe kabla mimi sijasema neno.

Walimu wengi tukikutana na insha kavu namna hii, dawa yetu ni mapambo. Nami simo nje: niliwahi kuwatolea wanafunzi wangu nakala ya kurasa mbili iliyojaa tashbihi na misemo ya kukariri. Basi jua likachomoza "mithili ya bibi harusi" karibu katika kila daftari, hata katika insha moja iliyoanza usiku wa manane. KCPE, mtihani wa Kenya wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa kwa mara ya mwisho 2023, lakini misemo tuliyoikaririsha kwa ajili yake imepanda nasi hadi sekondari. Na ukiyavua mapambo hayo, sentensi iliyo chini yake ni ileile: kiima, kitenzi, nukta.

Ajabu ni kwamba aina za sentensi tunazifundisha, tena kwa bidii. Sahili yenye wazo moja, ambatano yenye sentensi mbili zilizounganishwa, changamano yenye sehemu inayoitegemea nyingine. Tunazichanganua kwa matawi, jedwali, mishale. Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, matumizi ya lugha yana alama 40 kati ya 80, na mwanafunzi akiagizwa kuunganisha sentensi mbili ziwe changamano, anaziunganisha bila shida. Mpe karatasi ya kwanza, ile ya insha, yenye alama 40 vilevile, utadhani hajawahi kukisikia kishazi tegemezi, kile kipande cha sentensi kisichojitosheleza. Ujuzi umebaki kwenye daftari la sarufi.

Zoezi ninalolifanya sasa halihitaji kitabu. Naandika ubaoni sentensi nne za mwanafunzi, bila kumtaja: "Nilifika nyumbani. Nilimkuta mama. Mama alikuwa amekaa mlangoni. Aliniuliza pesa ziko wapi." Nawaagiza waziandike upya kwa namna tatu, na pambo ni marufuku. Wa kwanza hukimbilia -po- na -ka-: "Nilipofika nyumbani nilimkuta mama amekaa mlangoni, akaniuliza pesa ziko wapi." Safi. Mwingine akaniandikia: "Mama nilimkuta mlangoni. Hata salamu sikumaliza. Pesa ziko wapi?" Darasa likanyamaza. Wengi hawakuwa wamewahi kufikiri kwamba shamirisho, yaani mtendwa, inaweza kutangulia, ingawa ndivyo wanavyosema kila siku: chakula nimekula, barua nimeipata. Msichana mmoja alianza na swali lenyewe: "Pesa ziko wapi? Hilo ndilo lililonipokea mlangoni." Kwa dakika 20 tulibishana mama yupi kati ya hao watatu ana hasira zaidi, na hakuna aliyetaja neno "mtindo".

Sidai kwamba dawa hii haina madhara. Wapo waliodhani kila sentensi lazima iwe ndefu, wakaniletea "mtu ambaye alikuwa amevaa shati ambalo lilikuwa jeusi ambaye alikuwa amesimama", na ikabidi nirudi kuwafundisha kwamba "mwenye shati jeusi" inatosha. Sentensi fupi nayo ina kazi yake, ila ifike pale inapotakiwa.

Ombi langu kwa wanaotunga mitihani na vitabu vya darasani: pamoja na kumtaka mtoto abadilishe sentensi moja moja kulingana na maagizo, mpeni aya nzima iliyochakaa aiandike upya, naye aeleze kwa nini amekata hapa na kuunganisha pale. Ni kazi ngumu kusahihisha, nakiri. Kuweka vema na kosa kwenye jedwali ni rahisi zaidi.

Yule wa "nili-" 14 nilimrudishia daftari bila alama, nikampigia tu mstari kila mwanzo wa sentensi. Jumatatu amelileta tena. Stendi ameifikia katika sentensi ya pili, na chai ameifuta kabisa.

Mwalimu wa Kiswahili,
Voi